Maporomoko ya Theluji na Watu Wanaoyaangusha

(Hotuba iliyotolewa bwaloni siku ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Mwenyekiti aliponiandikia barua alisema nizungumze juu ya jambo lolote nililojifunza tangu nilipoondoka hapa, isipokuwa siasa na mchango wa kukarabati bweni, kwa kuwa hayo yana wasemaji wake. Nimechagua theluji. Najua wako watakaoshangaa, maana shule yetu iko mahali ambapo barafu huonekana ndani ya bilauri ya soda tu, na hata huko si kila siku. Lakini kazi yangu Serikalini ni ya tahadhari za maafa, na kwa ajili ya kazi hiyo nilipelekwa majira fulani ya baridi katika milima ya Uswisi, pamoja na wenzangu wa nchi mbalimbali, kuona jinsi watu wa huko wanavyoonyana. Huko nilikutana na hatari moja iliyonisumbua akili kuliko mafuriko na ukame ninaoshughulika nao kila siku. Ni hatari ambayo mara nyingi mtu huiendea kwa miguu yake mwenyewe, akiwa ameisoma taarifa yake asubuhi ile ile.

Aidha, ndugu yetu mmoja wa mwaka wangu, ambaye sasa anaishi Kanada, ameniandikia kwamba mwanawe mkubwa ameanza kupanda milima ya huko na mbao za skii, nje kabisa ya viwanja vilivyoandaliwa. Aliuliza, je, aogope? Jibu langu lilikuwa refu mno kwa barua, kwa hiyo mtanisamehe nikimjibu mbele yenu.

Tuanze na neno lenyewe. Tukisema maporomoko, wengi wetu huona maji. Hapa nazungumza juu ya theluji iliyolala mlimani ambayo ghafla inaachia na kushuka. Watu hudhani ni donge linaloanza dogo kama chungwa, likabiringika na kukua mpaka kuwa kubwa kama nyumba. Hayo ni ya vitabu vya picha. Poromoko linaloua wapanda milima wengi ni la namna nyingine: ni bamba zima, mfano wa saruji iliyomwagwa juu ya sakafu, ambalo linakatika upande wa juu kwa mstari mmoja na kuteleza lote kwa pamoja.

Mpishi wetu amekubali kuniazima sinia hili, nusu kilo ya sukari na nusu kilo ya unga, kwa sharti kwamba virudi. Wadogo zangu wa mbele, sogeeni. Nimetandika kitambaa juu ya sinia, ili lisiteleze lenyewe. Sasa nanyunyiza sukari, tabaka jembamba. Juu yake naweka unga na kuugandamiza kwa kiganja mpaka ushikane. Nainua upande mmoja wa sinia polepole. Hakuna kitu. Nainua zaidi kidogo. Bado hakuna kitu, na mtu anayeangalia kutoka juu anaona weupe uliotulia, laini kama shuka la mgeni. Sasa nauchoma unga kwa kidole kimoja tu, hapa katikati... Mmeona? Haukuanguka pale nilipogusa tu. Umekatika huku juu, mbali na kidole, na umeshuka wote. Kidole changu kilikuwa katikati ya bamba. Huyo ndiye mpanda mlima.

Sinia halisi hutengenezwa hivi. Katika milima ya Alps theluji hukusanyika tangu Novemba hivi hadi Aprili, na kila dhoruba huweka tabaka lake juu ya la zamani, kama kurasa. Kati ya dhoruba na dhoruba huja siku za mbingu safi, na siku hizo nzuri ndizo zinazofanya kazi mbaya. Usiku usio na mawingu uso wa theluji hupoa sana, na unyevu wa hewa huganda juu yake kama umande, ukiota vijani vya barafu vinavyometameta asubuhi. Ni vizuri kupita kiasi. Nilivipiga picha nyingi. Dhoruba inayofuata ikivifunika bila kuvivunja, vinabaki humo ndani vimesimama kama karata, na juu yake kuna mzigo.

Jambo la pili hutendeka chini, karibu na ardhi. Ardhi iliyofunikwa hukaa karibu na sifuri ya Sentigredi, wakati uso wa juu unaweza kuwa nyuzi 15 au 20 chini ya sifuri. Mvuke hupanda kutoka penye joto kwenda penye baridi, na katika safari hiyo chembe za theluji hubadilika umbo, zikawa kubwa, zenye pembe, zisizoshikana. Ukizichota mkononi zinamwagika kama sukari hii. Na hapa kuna jambo lililonishangaza: theluji ikiwa haba, tofauti yote ile ya joto hubanwa katika unene mdogo, na chembe hizo hukua upesi zaidi. Kwa hiyo mwaka wa theluji haba mara nyingi una msingi mbovu kuliko mwaka wa theluji tele. Mimi, mtu wa mafuriko, nilikuwa nimezoea kwamba kikubwa ndicho cha kuogopa.

Halafu kuna upepo. Upepo huichukua theluji upande mmoja wa mgongo wa mlima, ukaivunja-vunja chembe zake, ukaenda kuilaza upande wa pili ikiwa imeshindiliwa. Hilo ndilo bamba. Mpaka hapa tuna sukari, tuna unga, na kinachobaki ni sinia kuinuliwa. Wenye kipimapembe chukueni: maporomoko ya namna hii huanza zaidi kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45. Chini ya hapo bamba kwa kawaida haliwezi kuteleza. Juu sana ya hapo theluji haikai ikajaa, hudondoka kidogo kidogo. Bahati mbaya kati ya 30 na 45 ndipo penye raha kwa mtu wa skii. Si ukuta wa kutisha. Ngazi za kupandia ghorofani mara nyingi huwa na mwinuko unaoanzia karibu na hapo.

Uzito wake tuufanyie hesabu. Chukua bamba la upana wa mita 50, urefu wa mita 80 na unene wa nusu mita, ambalo si kubwa. Hizo ni mita za ujazo 2,000. Kila mita ya ujazo iwe na kilo 200, ambacho ni kipimo cha kawaida cha theluji iliyoshindiliwa na upepo. Zinakuwa tani 400, yaani malori 40 ya tani kumi kumi, yaliyokuwa yameegeshwa juu ya sukari, yakaondoka kwa sababu mtu mwenye kilo 80 amepita.

Naomba hapa nipite kidogo vijijini, maana mtumishi wa Serikali hawezi kuacha kuwataja wenzake. Watu wa Alps wamepambana na jambo hili kwa karne nyingi. Huko Andermatt, Uswisi, kuna hati ya mwaka 1397 inayokataza kukata msitu ulio juu ya mji, kwa kuwa miti huishika theluji. Msitu huo ulilindwa kwa sheria kabla Wareno hawajafika pwani yetu. Majira ya baridi ya 1950 hadi 1951 yaliwaua watu 98 Uswisi peke yake, na baada ya hapo nchi ile ilijenga nyua za chuma juu ya milima na kuchora ramani za sehemu za hatari. Hata hivyo Februari 1999 poromoko lilikishukia kijiji cha Galtür, Austria, likafika hadi nyumba zilizokuwa katika sehemu iliyochorwa kuwa salama, na likaua watu 31. Mwezi huo huo huko Evolène, Uswisi, walikufa 12, na waliokuwa na dhamana ya usalama wa kijiji walishtakiwa wakatiwa hatiani kwa uzembe. Sisi maofisa tulipoelezwa habari hiyo, darasa zima lilinyamaza.

Lakini maporomoko ya vijijini huanguka yenyewe, kwa wingi wa theluji. Siku hizi wanaokufa katika nyumba na barabarani ni wachache. Wengi mno ni watu waliokwenda kwa hiari katika milima iliyo wazi, nje ya njia zilizoandaliwa na kulindwa. Na katika vifo hivyo, mara tisa katika kumi poromoko huwa limeangushwa na marehemu mwenyewe au na mtu wa kundi lake. Nilipolisikia jambo hili nilimwomba mwalimu alirudie, nikidhani Kijerumani chake kimenipita. Hakikunipita.

Basi, hawa watu hawaonywi? Wanaonywa kuliko watu wowote ninaowajua. Juu ya mji wa Davos, mahali paitwapo Weissfluhjoch, wataalamu wanapima theluji tangu 1936. Kila siku ya baridi, saa 11 jioni, hutolewa taarifa ya nchi nzima: tabaka gani ni dhaifu, liko upande gani wa mlima, kuanzia mwinuko gani, na asubuhi saa 2 hutolewa nyingine. Tangu 1993 nchi za Ulaya zinatumia vipimo vya namna moja, kutoka moja mpaka tano. Moja ni hatari ndogo. Tano ni hatari kubwa mno, na vijiji hufungwa.

Sasa ninyi mnaojua alama, niambieni: tatu katika tano ni nini? Nimesikia huko nyuma mtu amesema "wastani". Ndivyo wasemavyo wote. Ni katikati, mtu amefaulu kwa shida lakini amefaulu. Na huko Uswisi karibu nusu ya vifo hutokea siku za tatu, ingawa siku hizo ni kama theluthi moja tu ya majira. Siku za nne barabara zimefungwa, upepo unavuma, hakuna anayeona mbele, watu wanakaa majumbani na kucheza karata. Siku ya tatu dhoruba imepita, jua limetoka, theluji mpya imelala bila alama ya mguu hata mmoja. Tatu maana yake ni kwamba mtu mmoja tu anaweza kuangusha bamba, tena katika miteremko mingi. Lakini haisemi hivyo kwa sauti. Hatari kutoka namba moja hadi nyingine haijumlishwi, huzidishwa. Mimi nadhani walikosea kutumia namba za shuleni, na nililisema hilo mbele yao. Walinijibu kwa adabu kwamba maneno yote yameandikwa chini ya namba. Ni kweli yameandikwa. Hata matangazo yetu ya mafuriko yana maneno chini.

Niseme upesi yanayompata aliyefukiwa. Theluji inayoporomoka hutembea kama maji, lakini ikisimama hukazana papo hapo, na mtu hawezi kusogeza hata kidole. Kazi iliyochapishwa mwaka 1994 ilionyesha kwamba katika watu 100 waliofukiwa, 92 walikuwa hai kama wametolewa ndani ya dakika 15, lakini ikifika dakika 35 walibaki kama 30. Uchunguzi mpya wa kumbukumbu za Uswisi, uliochapishwa 2024, umeufupisha muda huo wa kwanza hadi dakika 10. Helikopta haifiki kwa dakika kumi. Kwa hiyo kila mtu hubeba vitu vitatu: redio ndogo kifuani inayotoa na kupokea mawimbi ya kilohezi 457 ili wenzake wamtafute, ufito mrefu wa kukunjwa wa kuchomea theluji, na koleo. Kumfukua mtu aliye mita moja chini ni kuhamisha theluji ya tani moja au zaidi. Tulifanya zoezi hilo tukitafuta gunia lililozikwa. Kundi langu lilitumia dakika 19, na gunia, Mungu alirehemu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nichague somo hili. Tarehe 19 Februari 2012, katika milima ya Cascade ya jimbo la Washington, Marekani, watu 16 walitoka nje ya uwanja wa skii wa Stevens Pass kwenda kushuka mteremko uitwao Tunnel Creek. Hawakuwa wageni. Wengine walikuwa watu wa pale pale wanaolijua bonde lile miaka mingi, wengine wanamichezo wa kulipwa, wengine waandishi wa magazeti ya mchezo huo. Walikuwa na redio, fito na makoleo. Taarifa ya siku ile ilikuwa imeonya. Vijani vile vya barafu nilivyovieleza vilikuwa vimeota mwanzoni mwa mwezi, vikafunikwa na theluji nyingi mpya. Bamba likakatika. Wanne walichukuliwa hadi chini ya bonde, watatu walikufa. Wa nne alikuwa amevaa mfuko wa hewa mgongoni, akaufungua, naye akapona. (Mfuko huo hufanya kazi kwa njia rahisi: tikisa debe la mchanga lenye kokoto, na kokoto kubwa zitakuja juu.)

Habari ya siku ile iliandikwa kwa urefu katika gazeti la New York Times, na mwandishi wake, John Branch, akapata tuzo ya Pulitzer mwaka 2013. Kilichonikaa moyoni ni kwamba baadhi ya walionusurika walieleza baadaye kuwa walikuwa na wasiwasi. Waliona kundi ni kubwa mno, au waliijua taarifa, au moyo ulikuwa haujatulia. Hawakusema. Kila mmoja aliwatazama wenzake, akaona ni mabingwa, wametulia, akajiambia kwamba kama ingekuwa hatari fulani angesema. Na fulani alikuwa anamtazama yeye.

Mwaka 2004 Mmarekani Ian McCammon alichapisha uchunguzi wa ajali zaidi ya 700 za namna hii. Aliona kwamba dalili za hatari katika ajali nyingi zilikuwa wazi, na kwamba watu hupita juu ya dalili hizo kwa sababu za kibinadamu kabisa: mahali wanapajua, wamekwisha kusema kwamba watafika, wapo wanaowatazama, mbele yao kuna alama za miguu ya wengine, au wana kiongozi anayeonekana kujua. Kuwa na mafunzo hakukuwakinga watu kama mtu angetegemea. Waliosoma walipita pia, ila walipita wakiwa na istilahi.

Ningeweza kuyasema hayo kama msomaji wa magazeti tu. Lakini siku moja nilikuwa mmoja wao, nami naeleza hapa kwa mara ya kwanza, mbele ya watu walionijua nikiwa kiranja wa usafi.

Ilikuwa siku ya tatu katika namba, na siku ya pili baada ya dhoruba. Tulikuwa wanane, tumevaa viatu vipana vya kukanyagia theluji, na kiongozi wetu mwenyeji mbele. Tulikuwa tumepanda tangu alfajiri, na ng'ambo ya mteremko mmoja mpana tuliiona nyumba ya wapanda milima, moshi unatoka, na tulikwisha kuambiwa kwamba kuna supu. Kabla hatujaufikia mteremko, chini ya miguu yangu nilisikia sauti. Haikuwa kubwa. Ilikuwa kama mtu aliyeketi kwa uzito juu ya godoro katika chumba cha chini: vuu. Na pembeni ya kiatu changu ulitokea ufa, mwembamba kama uzi, ukakimbia kama hatua tatu.

Jana yake tulikuwa tumefundishwa darasani kwamba sauti hiyo ni tabaka dhaifu linalovunjika, na kwamba ukiisikia huhitaji dalili nyingine yoyote. Nilikuwa nimeiandika daftarini na kuipigia mstari. Ndugu zangu, nilinyamaza. Nitawaambia sababu, na hakuna hata moja ya kujivunia. Kiongozi alizaliwa katika bonde lile. Mimi nilizaliwa penye minazi. Nilikuwa Mwafrika peke yangu, na nilikwisha kuchekwa asubuhi, kwa upendo, kwa kuvaa soksi tatu. Watu wawili wasio wa kundi letu walikuwa wamepita mbele, na alama zao zilivuka mteremko mzima bila madhara. Na supu pia. Nilipiga hatua nyingine kama nane hivi, nikiwa na elimu yote ya jambo lile kichwani.

Aliyesema ni mwenzetu wa Peru, msichana mdogo kuliko sote. Yeye anatoka nchi ambayo tarehe 31 Mei 1970 tetemeko liliangusha barafu na mawe ya mlima Huascarán na kuufukia mji wa Yungay, pengine ndiyo sababu. Alisimama akasema kwa sauti ya kawaida, "Nimesikia kitu." Basi. Hakusema turudi. Mara mtu wa nyuma yake akasema, hata mimi. Na mwingine. Na mimi, sasa nikiwa shujaa, nikasema na ufa nimeuona. Kumbe tulikuwa wanne tulioisikia, na kila mmoja alikuwa anatembea nayo kimya kimya kama mtu aliyebeba mayai.

Kiongozi hakuwa amesikia. Alikuwa mbele, na sauti ilitokea nyuma, chini yetu. Jambo lenyewe ni hilo: mwenye ujuzi hakuwa na habari, na wenye habari hatukuwa na ujuzi, au tulidhani hatuna. Alirudi, akautazama ufa, akapima mteremko wa mbele kwa fimbo zake mbili, akapata nyuzi 36. Akasema tunageuka. Hakutoa hotuba.

Mtangoja niwaambie kwamba mteremko ule uliporomoka saa moja baadaye. Haukuporomoka. Haukuporomoka siku ile wala siku zote tulizobaki pale. Nilikuwa nikiutazama kila asubuhi kutoka dirishani, karibu nikiuomba uanguke, ili ile supu tuliyoikosa ipate sababu. Mmoja wetu alinung'unika jioni nzima kwamba tumepoteza siku kwa ajili ya sauti. Sikuwa na la kumjibu wakati ule.

Baadaye ndipo nilipoelewa ugumu wenyewe. Hapa shuleni ukikosea hesabu, mwalimu anaweka alama ya mkasi kwa wino mwekundu, na kesho unajua. Mlima hausahihishi daftari. Mtu anaweza kuvuka mteremko mbovu mara 20, kila mara bamba likashika kwa bahati, naye akarudi nyumbani akijiita mzoefu; kwa kweli amekosea mara 20 na kupewa vyema 20. Kadiri miaka inavyopita, ndivyo makosa yake yanavyozidi kuitwa uzoefu, na vijana wanamfuata. Anaposahihishwa, husahihishwa mara moja. Kwa sababu hiyo wenye busara wa huko hawaupimi uamuzi kwa matokeo. Wanauliza jioni: je, tulijua nini wakati tulipoamua, na nani alijua kitu ambacho hakukisema?

Baadhi ya makundi sasa yana desturi ambayo naiona nzuri. Kabla ya kupanda wanakubaliana kwamba mtu mmoja yeyote akitaka kugeuka, kundi lote linageuka, na hatakiwi kutoa sababu. Wanavuka mmoja mmoja, wengine wakitazama kutoka mahali salama, ili akifukiwa mmoja wabaki wa kumfukua. Na siku ya namba tatu wengi hupanga safari yao katika miteremko isiyofika nyuzi 30, ambayo ipo tele, nayo ina raha yake. Mkasome ramani za kontua kwa mwalimu wenu wa jiografia. Mtu aliyezisoma vizuri anaweza kuipima pembe akiwa mezani na kikombe cha chai.

Kijana mmoja wa kidato cha tano aliniuliza asubuhi juu ya Kibo. Swali zuri. Kilimanjaro iko karibu na Ikweta, na barafu yake ni mabaki ya zamani yanayoendelea kupungua; theluji inayoanguka pale haikai miezi mitano ikijenga matabaka kama ya Alps. Hatari zake ni hewa nyembamba, baridi, na mawe. Tarehe 4 Januari 2006 mawe yaliyoporomoka katika njia ya Western Breach yaliwaua Wamarekani watatu. Ambao mtapata kazi ya kuongoza wageni kule, ulizeni kuhusu mawe kabla ya kuuliza kuhusu theluji.

Na kwa ndugu yangu wa Kanada: kijana wako asome taarifa ya Avalanche Canada kila siku ya kupanda, ni bure, na namba zake ni moja mpaka tano vilevile. Asome na maneno yaliyo chini ya namba. Avae redio, na afanye mazoezi ya kuitumia mpaka achoke. Halafu mwulize anakwenda na akina nani, na kama kati yao yupo mtu anayeweza kumwambia "mimi sivuki" bila kuogopa kuchekwa. Ukipata jibu la swali hilo la mwisho, utajua mwenyewe kama uogope.

Ndugu Mwenyekiti, mpishi amesimama mlangoni na naona anaangalia sinia lake. Namrudishia. Sukari imechanganyika na unga, na nimejaribu kuvitenganisha nikashindwa. Amesema haidhuru, vitafaa kwa maandazi ya kesho. Mwenye swali aulize kabla kengele haijalia.